Mama Daktari Anajibu: Fikeni Kabla Ng'ombe Hawajaingia Zizini

Likizo ya Desemba inakaribia na barua za wasomaji zimegeukia upande mmoja: watoto, safari na ng'ombe. Nimefurahi sana. Mimi ni binti wa Bombo, nimesomea udaktari wa mifugo, nikapangiwa kazi Nyabushozi, huko Ankole, magharibi mwa Uganda, nikaolewa huko huko na watu wa ng'ombe. Nimewaomba wahariri wanipe ukurasa mzima mwezi huu, kwa kuwa jambo hili haliwezi kujibiwa kwa mistari mitano.

Mama Daktari, shikamoo. Tunaishi Bweyogerere, tuna watoto watatu: mkubwa wa kiume ana miaka 14, wa kati 9, mdogo wetu 5. Kila malori ya ng'ombe wenye pembe ndefu yanapopita kuingia Kampala, mdogo huuliza wametoka wapi na nani alikuwa akiwatunza. Baba yao amesema Desemba hii tutakwenda kuona wenyewe, kwenye ranchi ya kazi, tukalale huko. Mama mkwe wangu anataka kuja ingawa magoti yanamsumbua. Mkubwa amenuna, anasema ng'ombe ukishamwona mmoja umewaona wote. Twende lini, tukae siku ngapi, tuwe waangalifu na nini? Na maziwa ya huko yanafaa watoto? *Mama wa Watatu, Bweyogerere.*

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto nimempenda kwa hayo maneno "ranchi ya kazi". Kuna sehemu wanafunga ng'ombe wawili watatu kando ya mgahawa ili wageni wapige nao picha. Mtoto ataona pembe, atakunywa soda, atarudi nyumbani. Lakini mdogo wako ameuliza nani aliyekuwa akiwatunza, na swali hilo halijibiwi kando ya mgahawa. Linajibiwa pale ambapo mwenye ng'ombe anasomesha watoto wake kwa maziwa na ndama, na hawezi kuahirisha kukamua eti kwa sababu wageni wamechoka.

Kwa hiyo nianze na saa, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi za watu wa mjini huharibikia. Wanyankole tangu zamani waliigawa siku kwa kazi za ng'ombe. Saa kumi na mbili alfajiri ni kukamua. Saa sita mchana ng'ombe na watu wanapumzika. Saa saba maji yanatekwa visimani, saa nane ng'ombe wanakunywa, saa tisa wanaondoka majini kurudi malishoni. Saa kumi na moja wanaanza kurudi nyumbani, saa kumi na mbili wanaingia zizini, na saa moja usiku wanakamuliwa tena. Siku hizi kuna mabwawa yaliyochimbwa kwa katapila, kuna pampu na seng'enge, lakini siku ya ng'ombe bado inakwenda karibu hivyo hivyo.

Sasa ifikirie familia inayotoka Kampala saa tatu asubuhi. Msongamano wa kutokea mjini unawala saa nzima. Wanasimama Kayabwe kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta, wanasimama Lukaya kula muchomo, wanapumzika Masaka. Wanafika saa tisa, jua kali, zizi tupu, ndama wamelala kivulini. Wanazungushwa nusu saa. Saa kumi na moja baba anaangalia saa yake, anasema tusije tukaingiliwa na usiku njiani, wanapanda gari. Na vumbi wanaloliona nyuma ya kilima wakati wanaondoka ndilo la ng'ombe wanaorudi. Wametumia mafuta ya gari na pesa za watu, na kitu chenyewe hawakukiona.

Ninyi ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Kampala hadi Sanga, mji mdogo wa Nyabushozi, ni kilomita zipatazo 230, halafu kuna barabara ya changarawe ya kuingia ndani, ambayo dereva wa mjini huidharau mpaka gari limteleze. Mkitoka mapema mnasimama Kayabwe kwa raha, mnakula, mnafika mchana, bibi anapumzika, na saa kumi na moja jioni mko tayari mmesimama penye upepo mzuri. Laleni siku mbili. Usiku mmoja hautoshi, maana alfajiri ya kwanza watoto bado wanaogopa. Alfajiri ya pili wanajua kila ng'ombe anasimama wapi.

Jioni hiyo msiseme sana. Wachungaji huimba na kupiga mluzi, kila ng'ombe ana jina lake na wengi wanaitwa kwa rangi. Yule wa hudhurungi iliyokolea anaitwa bihogo, na mwenye ng'ombe akimtaja utasikia sauti yake ikibadilika. Ndama wanakuwa wametengwa kwenye kizizi chao, na mama zao wakikaribia hapo kelele zinaanza pande zote mbili. Ndama anafunguliwa, anakimbia moja kwa moja kwa mama yake katika kundi zima, ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, kisha anavutwa pembeni na mkamuaji anachukua nafasi yake. Mwambie wa miaka 9 aangalie jambo hilo kwa makini. Ng'ombe wa asili wa Ankole hatoi maziwa bila kumwona ndama wake, na hata akitoa ni lita chache tu kwa siku. Yule mweusi na mweupe mtakayemwona kwenye zizi la pili ni Friesian au chotara wake, anayetoa mara nyingi zaidi lakini anadai majani, maji na dawa bila huruma. Katika ranchi nyingi za sasa wote wawili wapo, mmoja kwa ajili ya benki na mwingine kwa ajili ya moyo wa mzee. Siandiki hivyo kwa mzaha. Nimewaona wazee wakikataa bei nzuri kwa ng'ombe mmoja wa bihogo kwa kuwa ukoo wake ulitoka kwa babu.

Kuhusu lini. Nendeni mwanzoni mwa Desemba, mara tu shule zikifungwa. Mvua za Septemba hadi Novemba zinakuwa zimeotesha majani, ng'ombe wameshiba, maziwa ni mengi, na njia zimeanza kukauka. Januari na Februari jua linakausha kila kitu. Likizo ya Agosti ni mbaya zaidi: kiangazi kimeshika, ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji, wachungaji wamechoka, na mgeni anakuwa mzigo. Likizo ya Mei ina maziwa tele na matope tele. Kama gari lenu ni dogo, msijaribu Mei.

Kabla hamjalipa hata shilingi, ulizeni kuhusu karantini. Ukanda wetu wa ng'ombe unasumbuliwa sana na ugonjwa wa miguu na midomo. Mwanzoni mwa 2024 wilaya nyingi ziliwekwa chini ya karantini, minada ikafungwa, na ng'ombe, nyama na maziwa havikuruhusiwa kutoka. Ugonjwa huo si tishio kwa watoto wako, lakini virusi vyake vinasafiri kwenye soli za viatu, kwenye matairi, kwenye matope. Mgeni anayetoka ranchi moja asubuhi na kuingia nyingine mchana anaweza kumwachia mwenyeji hasara ya miezi. Pigieni simu ofisi ya mifugo ya wilaya, mwulize mwenyeji wenu pia, na mkichagua ranchi moja, kaeni hiyo hiyo. Langoni mkikuta beseni la dawa, kanyageni humo wote, hata mdogo, hata kama viatu ni vipya. Naomba sana mlichukulie jambo hili kama mnavyochukulia kunawa mikono hospitalini.

Sasa maziwa. Hapa nataka unisikilize kama daktari kwanza, kisha kama mke wa Mnyankole.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela. Wengi wetu tunaijua kwa jina hilo, maana haikosekani kwenye zahanati za magharibi: homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, viungo vinauma mpaka mtu anadhani ni malaria isiyosikia dawa. Inatibika, lakini kwa dawa za wiki nyingi, na kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa mabichi. Dawa ya yote haya iko jikoni: maziwa yachemshwe mpaka yapande. Yakishapanda, wanywe hata lita nzima, hawatapata maziwa matamu kama hayo Kampala. Bongo, yaani maziwa ya mgando, ulizeni kwanza kama yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Kuganda peke yake hakuui vijidudu.

Kama mke wa Mnyankole nakwambia hivi: mgeni anapopewa maziwa anapewa heshima ya nyumba. Kuyakataa kwa kukunja uso ni kumwumiza mwenyeji. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, useme watoto wamezoea ya moto, waombe ya chai. Hakuna nyumba ya Nyabushozi itakayokosa chai ya maziwa, na hakuna atakayekasirika. Afadhali umpigie mwenyeji simu siku moja kabla na umweleze. Atakuandalia bila mtu yeyote kuona haya. Eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli na chumvi ya mawe, ni chakula cha sherehe na lazima mwonje, ni mtamu kwa kalo (ugali wa ulezi) au matoke. Lakini haupikwi motoni. Ulizeni samli yake ilitokana na maziwa gani, na kama katika safari kuna mjamzito, huyo aache.

Pembe. Wageni huogopa kwamba ng'ombe wa Ankole atawachoma kwa hasira. Ni wapole kuliko wengi wa kigeni niliowatibu. Hatari ni ng'ombe kugeuza kichwa kufukuza nzi ubavuni wakati mtoto amesimama hapo. Pembe ya urefu wa mkono wa mtu mzima inazunguka haraka sana, na ng'ombe mwenyewe hana habari kama kuna mtu. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwangu ni kwamba mtoto hasimami kando ya kichwa cha ng'ombe, hata kama ng'ombe amefungwa. Asiingie kati ya mama na ndama mchanga. Asikimbie ndani ya zizi. Asifungue mwavuli karibu na kundi. Mdogo wa miaka 5 abaki nje ya uzio wakati wa kukamua, na mtu mzima amshike mkono. Baadaye apelekwe kwa ndama, ambako atafurahi zaidi.

Ulizeni pia siku ya kunyunyizia dawa ya kupe ni ipi. Kupe ndio wanaoleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi, ndiyo maana kunyunyizia au kuogesha kwenye josho hufanyika kila wiki, na wengine mara mbili. Dawa hiyo ni sumu. Watoto watazame wakiwa mbali, upande upepo unakotokea, na siku hiyo wasimkumbatie ng'ombe yeyote aliyelowa. Ninyi wenyewe vaeni suruali ndefu na gambuti, na jioni kagueni miguu, kwapa na nyuma ya masikio ya watoto, maana kupe hachagui. Chandarua msikisahau.

Bibi msimwache sebuleni. Mwombeeni kiti kwenye nyumba ya maziwa. Huko ndiko wanawake huosha ebyanzi, vile vyombo vya mti vyenye vifuniko vya majani vilivyosukwa, wakavifukiza kwa moshi wa nyasi maalumu ili maziwa yasiharibike haraka na yapate harufu ile. Huko ndiko maziwa husukwa kwenye kibuyu mpaka siagi itengane. Ni kazi ya kukaa, ya mazungumzo marefu, na mama mkwe wako atakuwa miongoni mwa watu wa umri wake wanaojua mambo. Hata kama Kinyankole hajui, Kiswahili kidogo na mikono vitatosha. Mimi nilijifunzia huko karibu yote ninayoyajua kuhusu maziwa ambayo chuo hakikunifundisha.

Sasa huyu aliyenuna. Usimlazimishe kushangaa. Mtafutie kazi. Mwenyeji akikubali, apelekwe na mchungaji mmoja mtu mzima kutembea na kundi asubuhi, kilomita zile zote, fimbo mkononi, maji kwenye chupa. Atarudi saa nane amechoka na akiwa na maswali. Au akakague seng'enge na mlinzi. Upande wa Nyabushozi unaopakana na Ziwa Mburo, pundamilia na swala wanalala kwenye ranchi za watu, wanakula majani yale yale ya ng'ombe, na kijana wa miaka 14 ana akili ya kuuliza nani anamlipa mwenye majani. Mwelezeni historia yake bila kuifupisha: miaka ya 1960 ranchi zilipimwa huko baada ya mbung'o kusafishwa kwa kukata vichaka na kuua wanyama, mwaka 1983 hifadhi ya Ziwa Mburo ikatangazwa na wafugaji wakaondolewa, serikali ilipobadilika watu wakarudi, na hifadhi ikapunguzwa. Wazee waliokuwapo bado wapo. Akimpata mmoja akamuuliza kwa adabu, atasikia mambo ambayo hayako kwenye daftari lake la historia. Kitu kimoja tu asiulize, naye mdogo aonywe: mzee haulizwi ana ng'ombe wangapi, wala hawahesabiwi kwa kidole mbele yake.

Siku ya pili mchana, wakati ng'ombe wako mbali, mnaweza kuingia hifadhini, mpande mashua muone viboko, mtafute twiga walioletwa 2015 kutoka Murchison Falls. Siku ya kurudi, kama muda upo, songeni mbele kidogo hadi Igongo, pale Biharwe kabla ya Mbarara. Kuna jumba la makumbusho la mambo ya Ankole, na watoto watavitambua vyombo walivyoviona vikifukizwa. Msianzie huko. Makumbusho kabla ya ng'ombe wenyewe humchosha mtoto.

Mama Daktari, asalaam aleikum. Sisi ni jirani zako wa zamani, Bombo. Nataka kupeleka familia yangu kwenye ranchi kama hizo, lakini nina wasiwasi wa nyama na sala, na binti yangu mdogo anaogopa mbwa wa wachungaji. *Baba wa Mabinti, Bombo.*

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa nyumbani. Mwaka wa kwanza nilipopelekwa kazini huko nilikuwa na wasiwasi huo huo, na wenyeji waliuondoa kwa ukarimu wao. Waambie mapema kwamba ninyi ni Waislamu na mngependa kuchinja wenyewe. Watawauzia mbuzi, watakupa kisu kikali na mahali pa kuchinjia, na watakula pamoja nanyi. Nguruwe hufugwa na watu wengine wa magharibi, hivyo kwenye hoteli za njiani uliza sufuria; ndani ya ranchi za ng'ombe za Nyabushozi mimi sikupata shida. Sharti langu moja la kidaktari: msile kamwe nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ukiambiwa ameumwa na nyoka. Kwenu ni haramu tayari, na kwa kila mtu ni hatari, maana kimeta huua ng'ombe ghafla na kikaua aliyemchuna.

Sala zinakaa vizuri na siku ya ng'ombe kuliko unavyodhani. Alfajiri inakuamsha kabla ya wakamuaji. Adhuhuri inaangukia mapumziko ya mchana. Maghrib inaingia ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini na kukamua kunaanza, kwa hiyo mwenye kuongoza sala aanze mara jua likizama, kisha mrudi. Kibla ni kaskazini, mkielekea kidogo mashariki, kama huko Bombo. Chukueni mikeka yenu, na viatu vya zizini viachwe mbali kabisa na mahali pa sala.

Mbwa: mwambie mwenyeji awafunge mkifika, na muulize kama wamechanjwa kichaa cha mbwa. Mbwa akiuma mtu, hata kwa mkwaruzo mdogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Mama Daktari, mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita (P6) Jinja. Kwa nini ng'ombe wa Ankole wana pembe kubwa hivyo? Hazimlemei?

Swali zuri sana, mwanangu. Ndani ya pembe kuna mfupa wenye nafasi za hewa, kwa hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Juu ya mfupa huo imepita mishipa mingi ya damu. Damu ya moto ikipita humo upepo unaipoza, na ng'ombe anavumilia jua la mchana. Ukiruhusiwa na mwenyewe, shika pembe karibu na kichwa wakati wa joto: utaisikia ina moto. Lakini mwenye ng'ombe awe amemshika kwanza.

Mama Daktari, habari za kazi. Baba yangu ana ranchi upande wa Lyantonde. Nimesoma utalii, nataka tuanze kupokea familia moja moja wakati wa likizo. Kaka zangu wanasema hakuna mtu atakayelipa kuja kukanyaga samadi. Nianzie wapi? *Binti wa Mfugaji.*

Salama, binti yangu. Watalipa, na ukurasa huu ni ushahidi wako. Wakatie kaka zako uwapelekee. Ila anza na afya ya kundi kabla ya kununua hata shuka moja. Mwite daktari wa mifugo achukue damu ya ng'ombe wanaokamuliwa, ipimwe brusela. Watakaokutwa nayo watengwe, maziwa yao yasiingie jikoni kwa wageni, na ndama jike wachanjwe wakiwa bado wadogo kama daktari atakavyopanga. Utatumia pesa, baba atalalamika. Mweleze kwamba kundi lililopimwa lina faida hata kama mgeni hatakuja hata mmoja, maana ng'ombe wanaotupa mimba ni hasara anayoilipa tayari bila kuiona.

Kisha choo. Sisemi choo cha vigae. Choo cha shimo kilichofagiwa, chenye mlango unaofungika na taa ya sola, kinatosha. Maji na sabuni viwe pale pale mlangoni mwa zizi, si nyumbani tu, kwa kuwa mtoto anatia kidole mdomoni kabla hajafika nyumbani. Nunua gambuti za saizi mbalimbali za wageni, zikae kwako zisitoke, na beseni la dawa liwe langoni. Hivyo hulazimiki kuwaamini watu kuhusu viatu vyao. Stoo ya dawa za kupe ifungwe kwa kufuli. Ng'ombe akizaa wakati wageni wapo, waite waone, ni jambo kubwa kwa mtoto, lakini wasimame mbali na mtu yeyote asiguse kondo wala majimaji, maana brusela hupita hapo pia.

Usibadilishe ratiba ya baba yako kwa ajili ya wageni. Ukianza kukamua saa nne ili wapate usingizi, ng'ombe watapunguza maziwa na wewe utakuwa unawauzia maonyesho. Waandikie ratiba ya ng'ombe kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, wachague kuja au kutokuja.

Na wachungaji wako. Hao ndio watakaopigwa picha na wageni, ndio watakaojibu maswali ya watoto jua likiwa kali, ndio watakaomshika mtoto mkono penye pembe. Waulize kwanza kama wanakubali kupigwa picha. Waongezee malipo kwa kila familia inayolala, uwape mkononi mwao, na yaandikwe. Nimeona ranchi ambako mgeni alilipa vizuri na mchungaji akaambulia soda. Msimu uliofuata hakukuwa na mchungaji aliyetaka kuwaona wageni. Keti nao kabla ya kuketi na kaka zako. Wakikubali wao, tafuta familia moja unayoifahamu kwa ajili ya Desemba, uwapokee, na majibu ya damu yakishatoka niletee nakala kupitia ofisi ya gazeti. Nitayasoma, na nikipita njia ya Masaka nitaingia kuliona zizi.